Tarishi Asiyeuliza Jina: Uthibitishaji wa Mtumaji katika Seva ya Barua Pepe ya Linux

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mjumbe hauawi. Kauli hii imewalinda matarishi tangu jadi, kwani abebaye habari hahesabiwi kuwa ndiye aliyeitunga. Katika intaneti, hata hivyo, mambo ni kinyume. Seva inayobeba barua chafu za watu isiowajua huadhibiwa yenyewe, na pamoja nayo huadhibiwa kila mtu anayeitegemea. Makala haya yanakusudia kueleza namna seva ya barua pepe inayotumia mfumo wa Linux inavyoweza kuwapelekea wenyeji wake barua kwa usalama popote walipo, huku ikiwafungia mlango wasiojulikana. Hoja yetu kuu ni moja: imani ya seva haina budi kujengwa juu ya mtu mwenyewe, wala si juu ya mahali alipo.

Mfano wa Mwiki

Wanafunzi wengi wa vyuo vilivyo kandokando ya Barabara Kuu ya Thika hupanga vyumba Githurai, Kahawa Wendani na Mwiki. Jina Mwiki lenyewe liko pande zote mbili za mpaka wa kaunti: kuna wadi ya Mwiki katika eneobunge la Kasarani, Nairobi, na wadi nyingine ya Mwiki katika eneobunge la Ruiru, Kiambu. Kwa hiyo, anayesema "natoka Mwiki" bado hajatueleza yeye ni nani, wala hata anaishi kaunti gani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mhariri wa jarida la wanafunzi anatuma barua mchana akiwa maktabani, kupitia seva ya chama chake iliyoko chuoni. Barua inafika. Jioni, akiwa chumbani kwake Mwiki na kutumia intaneti ya simu, anamwandikia mshairi aliyeko Mombasa kupitia seva ile ile. Safari hii seva inamjibu kwa nambari 554, yaani imekataa kuipitisha barua yake. Mtu ni yule yule, tarakilishi ni ile ile. Kilichobadilika ni anwani ya mtandao anaotumia.

Kisa ni kwamba seva hiyo ilipangwa kuziamini anwani za mtandao wa chuo tu. Msimamizi wake anaweza kushawishika kuongeza anwani za kampuni ya simu katika orodha ya wanaoaminiwa. Hilo ni kosa kubwa. Katika mitandao ya simu, anwani moja ya intaneti huweza kutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Kumwamini mhariri wetu kwa njia hiyo ni kuwaamini pia wote wanaotumia anwani hiyo pamoja naye.

Chimbuko la Tatizo

Itifaki ya kupelekea barua pepe, SMTP, iliwekwa bayana na Jonathan Postel mwaka 1982. Zama hizo tarakilishi zilizounganishwa zilikuwa chache, na kupokezana barua ulikuwa ujirani mwema. Itifaki huanza kwa salamu, ambapo mgeni hutaja jina la tarakilishi yake, lakini hapakuwa na utaratibu wa kuhakikisha kuwa jina hilo ni la kweli.

Ukarimu huo ulitumiwa vibaya. Kufikia miaka ya 1990, watumaji wa barua taka walikuwa wakizitafuta seva zilizo wazi na kuzibebesha maelfu ya barua. Ndiyo sababu mwaka 1998 toleo la 8.9 la programu ya Sendmail lilianza kukataa upitishaji huo isipokuwa msimamizi ameuruhusu. Waliopokea barua taka nao walianza kuziweka seva zilizo wazi katika orodha nyeusi. Seva ikiingia humo, hata barua halali ya mhadhiri anayepeleka makala ya kongamano hukataliwa. Mjumbe ameuawa, na wasio na hatia wamezikwa naye.

Hodi, Nani, Karibu

Mwaka 1999 kilitolewa kiwango kinachoiwezesha SMTP kumtaka mtumaji athibitishe utambulisho wake. Utaratibu wenyewe haumtatizi anayejua desturi ya hodi. Mgeni hupiga hodi, mwenyeji huuliza "Nani?", na karibu hutolewa baada ya jibu kuridhisha.

Programu ya barua ya mhariri wetu inapofika kwenye seva, husalimu. Seva hujibu kwa kutaja mambo inayoyaweza, mojawapo likiwa kuyafunga mazungumzo kwa usimbaji fiche, yaani TLS. Pande mbili zikishafunga mazungumzo, salamu hurudiwa, kisha mtumaji hutoa jina lake na nenosiri. Hapo ndipo seva hukubali kuibeba barua yake kwenda kokote.

Mpangilio wa hatua hizi ni muhimu. Katika njia iliyozoeleka, nenosiri hupelekwa likiwa limebadilishwa herufi zake kwa utaratibu uitwao Base64. Wengi hudhani huo ni ulinzi. La hasha! Base64 ni sawa na kinyume wanachozungumza watoto wa pwani: "siri" ikigeuzwa kuwa "risi" humpita asiyejua kanuni, lakini anayeijua huielewa papo hapo. Usimbaji fiche ni jambo jingine, kwa kuwa kuijua kanuni yake hakutoshi bila ufunguo. Kwa hiyo, nenosiri lisiombwe kabla mazungumzo hayajafungwa.

Milango nayo imetengwa. Mlango wa 25 ni wa seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe. Watumaji binafsi hutengewa mlango wa 587, uliowekwa na kiwango cha mwaka 1998, au wa 465, ambao mazungumzo yake hufungwa tangu mwanzo na ambao ulipendekezwa rasmi mwaka 2018.

Mipangilio Yenyewe

Programu inayotumika sana kwa kazi hii katika Linux ni Postfix, iliyobuniwa na Wietse Venema akiwa IBM na kutolewa kwa umma mwaka 1998. Postfix haikagui nenosiri yenyewe, bali huikabidhi programu nyingine kazi hiyo, mathalani Dovecot. Msimamizi akishaipata seva cheti cha TLS, ambacho shirika la Let's Encrypt limekuwa likikitoa bila malipo tangu mwishoni mwa mwaka 2015, huandika yafuatayo katika faili la main.cf:

smtpd_sasl_type = dovecot
smtpd_sasl_path = private/auth
smtpd_sasl_auth_enable = yes
smtpd_tls_auth_only = yes
smtpd_relay_restrictions = permit_mynetworks, permit_sasl_authenticated, reject_unauth_destination

Mistari miwili ya kwanza huieleza Postfix ni nani atakayekagua nenosiri na anapatikana wapi. Wa tatu huwasha uthibitishaji, na wa nne hukataza nenosiri lisipokelewe kabla ya TLS. Mstari wa mwisho ndio moyo wa jambo zima, nao husomwa kwa zamu: waruhusiwe walio katika mtandao unaoaminiwa, waruhusiwe waliothibitishwa, kisha ikataliwe barua yoyote iliyosalia inayokwenda kwa watu wasiohudumiwa na seva hii. Mtandao unaoaminiwa nao upunguzwe hadi ubaki na seva yenyewe. Mwisho, mlango wa 587 hufunguliwa katika faili la master.cf, kwa sharti kwamba TLS ni lazima.

Yapo mambo mawili yanayosahauliwa. Kwanza, kumthibitisha mtu hakumzuii kuandika kwa jina la mwingine. Seva ifungamanishe kila akaunti na anwani zake, asije mwanachama akatuma barua kwa jina la mwenyekiti. Pili, nenosiri likiibwa, mwizi huheshimiwa kama mwenyeji. Kwa hiyo, maneno siri yawe marefu, idadi ya barua kwa saa iwekewe kikomo, na kumbukumbu za seva zisomwe mara kwa mara.

Kisha ufanyike mtihani, nao usifanyiwe chuoni. Mtu akae Mwiki, atume barua bila nenosiri: ni lazima ikataliwe. Atume tena akiwa na nenosiri: ni lazima ipite. Majibu haya mawili yakipatikana, kazi imekamilika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa usalama wa barua pepe hautokani na kuwafungia watu wa mbali, bali na kuwauliza wote, wa mbali na wa karibu, wao ni akina nani. Yameonyesha pia kwamba hodi, tarishi na kinyume ni maneno yanayotosha kuyaeleza mambo ambayo aghalabu hudhaniwa kuwa ya Kiingereza peke yake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo haina budi kuendelezwa hadi kwenye seva zenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeisimamia seva ya chama chake, na kuweza kumweleza mwenzake kwa Kiswahili kwa nini barua yake imekataliwa, ameilinda barua na ameikuza lugha.