Huna Kipande na Unaishi Busia ama Malaba? Kabla Ulipe Broker, Jua Mlango Wako

Neno "boda boda" lilizaliwa huku mpakani. Miaka ya 60, wasee wa baiskeli walikuwa wanabeba watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita wateja, "Boda! Boda!" Leo neno linatumika Nairobi, Kampala na Dar. Lakini huku lilikotoka, bado kuna machali wanaendesha nduthi mchana kutwa na hawana karatasi hata moja inayosema wao ni wa upande gani.

Unawajua. Kuna yule chali wa kuosha malori pale Malaba. Kuna manzi anauzia madereva chapo na madondo foleni ikikwama. Kuna mboch aliletwa na "auntie" kutoka ng'ambo na hajawahi kuona mshahara wake mwenyewe. Wote wanaishi kwa jina la mtu mwingine. Laini ya simu ni ya beshte, so hata M-Pesa ni ya beshte. Mkikosana, doo imeenda. Usiku karao akisema "toa kitambulisho", maana yake ni "toa kitu kidogo".

Serikali inawaita wahamiaji wasio na vibali. Mtaani tunawaita "Waganda" na tunamaliza hapo. Sasa shida kubwa ni hapo, juu wengine wao ni Wakenya kabisa na hawajui. Wengine ni Waganda ambao hawajawahi kuandikishwa hata kwao. Wengine walitoroka vita Congo. Kila mmoja ana mlango wake, na ukibisha mlango wa mwenyewe utaliwa pesa na bado ulale nje.

Mpaka uliwakuta watu wakiwa nyumbani

Rudi nyuma kidogo. Kabla ya 1902, eneo hili lote la magharibi lilikuwa chini ya Uganda. Mwaka huo Waingereza wakasogeza mpaka, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ukaingizwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Hakuna mtu aliuliza Mteso ama Msamia anaonaje. Ndio maana hadi leo wako pande zote mbili. Guka amezikwa Tororo, mjomba analima Amagoro, na mathe alijifungulia kwa hospitali yoyote iliyokuwa karibu siku hiyo.

Kwa hivyo swali la "ulizaliwa upande gani?" halimalizi stori. Katiba ya Kenya ya 2010 inauliza swali lingine: wazazi wako ni akina nani?

Mlango wa kwanza: mzazi wako mmoja ni Mkenya

Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema wewe ni raia kwa kuzaliwa kama siku uliyozaliwa mama ama baba yako alikuwa raia wa Kenya. Mmoja anatosha. Hata kama ulizaliwa Tororo ama Busia ya Uganda, bado unahesabika. Na kifungu hicho kinawashika pia waliozaliwa kabla ya 2010, so usikubali mtu akuambie sheria mpya haikuhusu.

Wengi wanakwama juu baba ni Mganda na mathe ndio Mkenya, alafu wanaambiwa "mtoto ni wa baba, enda kwenu". Hiyo ni mila. Kwa sheria, kipande cha mathe kina uzito sawa na cha buda.

Unachohitaji ni kufunga mnyororo: cheti chako cha kuzaliwa, nakala ya kipande cha mzazi, na chifu ama naibu wake wa kuthibitisha kwamba anakujua. Kama mzazi alishafariki, tafuta cheti cha kifo na ndugu zake wa damu wenye vipande.

Kwa miaka mingi kaunti za mpakani zilikuwa zinapigwa msasa wa ziada kabla ya kipande kutoka, kitu ambacho chali wa Nyeri hakuwahi kuona. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitia sahihi tamko la kuondoa huo msasa. Lakini kuondolewa kwa msasa hakumaanishi karatasi haziitishwi. Bado lazima uonyeshe umetoka kwa nani.

Na kama buda ni Mganda na mathe ni Mkenya, unaweza kuwa raia wa nchi zote mbili. Kenya inaruhusu, Uganda inaruhusu. Kinachotakiwa ni useme wazi na ufuate taratibu za kila upande. Vipande viwili vya kificho ndio noma.

Mlango wa pili: wewe ni Mganda, lakini hata kwenu hujaandikishwa

Hawa ndio wengi kuliko tunavyofikiria. Msee alitoka kwao akiwa na miaka 14, hajawahi kusajiliwa, sasa ana 20. Kwa Kenya hana karatasi. Kwa Uganda pia hana. Anahangaika kutafuta kipande cha Kenya na ile karatasi ingemtoa kwa shida iko ng'ambo ya barabara.

Uganda, kazi hiyo inafanywa na NIRA, mamlaka ya usajili wa watu, na iko na ofisi kwa wilaya. Namba ya utambulisho, ile NIN, hata mtoto anaweza kupewa. Kadi yenyewe ni kuanzia miaka 16, na usajili wa kwanza ni bure. Wa kukutambulisha ni mzazi, ndugu na viongozi wa kijiji chenu. Kwa hivyo safari ya kurudi shags siku mbili tatu inaweza kukufaa kuliko miaka mitano ya kujificha.

Kwa nini hiyo kadi ni muhimu ukiwa Kenya? Juu tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaruhusiwa kuvuka mipaka ya hizo nchi tatu na kitambulisho cha kitaifa, bila pasipoti. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kufanya kazi Julai 2010, na inakupa haki ya kuingia, kukaa na kutafuta kazi kwa utaratibu. Ukipita kwa kituo cha pamoja cha mpakani pale Busia, kile Uhuru na Museveni walifungua Februari 2018, unagongewa na unaingia kama mgeni halali. Ukipita njia ya panya, wewe yule yule, na kadi yako mfukoni, unageuka mkosaji. Sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inasema kukaa Kenya bila ruhusa ni faini ya hadi shilingi 500,000, ama jela hadi miaka 3, ama zote mbili.

Kitu kimoja usichanganye. Novemba 2017, siku ya kuapishwa, Uhuru alisema watu wa Afrika Mashariki wanaweza kufanya kazi na biashara Kenya wakiwa na kitambulisho tu. Wengi walishika hiyo kauli kama sheria. Jukwaa na dirisha la ofisi ni vitu viwili. Kazi ya kuandikwa bado ina kibali chake, so uliza watu wa uhamiaji kabla ya kuanza, na uitishe risiti kwa kila kitu unacholipa.

Mlango wa tatu: ulitoroka vita ama mateso

Kama umetoka Congo, Sudan Kusini ama kwingine juu maisha yako yalikuwa hatarini, wewe si "mhamiaji haramu" anayengoja kushikwa. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inakutaka ujitokeze mapema, ndani ya siku 30 za kuingia, useme unaomba hifadhi. Ofisi inayohusika ni Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na afisa yeyote wa uhamiaji mpakani anaweza kukuelekeza. Sheria hiyo inakataza kukurudisha mahali ambapo maisha yako yako hatarini.

Kosa ambalo vijana wengi wanafanya ni kunyamaza. Wanajichanganya mtaani, miaka inapita, na siku wanashikwa hakuna rekodi yoyote inayoonyesha waliwahi kuomba msaada.

Mlango wa nne: hakuna nchi inakutambua

Kuna watu hawana mzazi wa kumtaja wala kijiji cha kurudi. Katiba imeweka kitu kidogo hapa: mtoto anayeonekana ana chini ya miaka 8, akipatikana Kenya na wazazi na uraia wake haujulikani, anachukuliwa kuwa raia kwa kuzaliwa. Kwa hivyo mtoto aliyeachwa stendi si "mtoto wa Uganda" hadi mtu athibitishe.

Ukiwa mkubwa ni ngumu zaidi, na hapa ndipo mtu mmoja mmoja anashindwa lakini kundi linashinda. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwa mashamba makubwa, walikaa miongo mingi bila kipande. Oktoba 2016 walifunga safari ya mguu kutoka Kwale hadi Nairobi, na baada ya hapo wakapewa uraia. Julai 2021 Washona 1,670 nao wakapewa vyeti vya uraia. Wapemba wa Pwani wakatambuliwa 2023. Hakuna kati yao aliyeomokea kwa broker. Walijihesabu, wakaandika majina, wakapata mawakili na mashirika ya kusimama nao, wakaenda wakiwa wengi.

Kwa nini shortcut inakufungia

Kila mtu mpakani amesikia ofa. Broker anakupatia "baba" wa kukodi, unabadilisha jina la ukoo, kipande kinatoka. Inakaa kama deal.

Lakini angalia vizuri. Kutoa habari za uongo kupata kitambulisho ni kosa la jinai. Pili, kipande hicho kinaweza kufutwa wakati wowote, na wakati huo labda umeshanunua ploti, umeoa, watoto wako shule, yote kwa jina la uongo. Tatu, na hii ndio inauma, huenda ulikuwa na haki ya kipande cha ukweli kupitia mathe wako. Sasa ukienda na stori ya kweli, rekodi zinakuonyesha una baba mwingine. Umejichomea.

Mtaa unaweza kufanya nini

Vijana wengi wasio na karatasi hawakosi akili, wanakosa mtu wa kuwashika mkono hadi dirishani. Kibera, Nubian Rights Forum wana wasaidizi wa sheria wa mtaani, watu wa kawaida waliofunzwa, wanaokaa na kijana, wanapanga karatasi zake, alafu wanaandamana naye hadi ofisini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua wasaidizi kama hao. Sheria hiyo inasema pia kwamba watoto, wakimbizi, wahanga wa usafirishaji haramu wa binadamu na watu wasio na uraia wowote wanaweza kupata msaada wa wakili unaolipwa na serikali. Mganda mtu mzima asiye kwa hiyo orodha hayumo, ndio maana mtaa unahitajika zaidi.

Hiyo kitu inaweza kufanyika Busia na Malaba bila kungoja mfadhili:

- Chama cha nduthi kiwe na daftari ya wanachama wasio na kipande, na kila mmoja aulizwe swali moja: mlango wako ni upi?
- Kanisa, msikiti ama kikundi cha akina mama kichange nauli ya msee kurudi kwao kujiandikisha. Nauli ya Tororo ni ndogo kuliko dhamana ya polisi.
- Wazee wanaojua koo za pande zote mbili wakubali kuwa mashahidi. Wao ndio rekodi ambayo ofisi haina.
- Mwenye nyumba na mwajiri waache kushika karatasi za watu. Kumnyang'anya mboch kadi yake ili asitoroke ni dalili ya usafirishaji haramu wa binadamu, na kuna sheria ya 2010 juu ya hiyo. Kama ni mtoto, piga 116, ni bure.
- Mtoto akizaliwa Kenya aandikishwe, hata kama wazazi ni wageni. Cheti hakimfanyi Mkenya, lakini bila hicho atakwama siku ya kusajili mtihani wa kitaifa, na akifika 18 mnyororo utakuwa umekatika tayari.

Na ukishikwa leo?

Usikimbie na usidanganye jina. Kifungu cha 49 cha Katiba kinalinda kila mtu aliyekamatwa, sio Wakenya peke yao. Una haki ya kuambiwa kosa lako kwa lugha unayoelewa, kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata kama zimeisha wikendi. Kama unaogopa kurudishwa kwenye vita, sema hapo hapo kwamba unaomba hifadhi. Kama mathe wako ni Mkenya, taja jina lake na chifu wake.

So ukiwa na beshte hana kipande, wacha kumwita Mganda na wacha kumtafutia broker. Kaa naye chini, muulize mathe wake alitoka wapi, nani alimzaa, nani bado yuko hai wa kushuhudia. Andikeni majina kwa karatasi. Faili nyingi zinaanzia hapo.