Fahamu: Kwa nini Masisi haikupiga kura mwaka 2023?

Desemba 20, 2023, raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walimchagua rais. Katika tarafa ya Walikale, Kivu Kaskazini, watu walipiga kura. Muheto, kama kwingineko katika tarafa jirani ya Masisi, hapakuwa na uchaguzi: vita vya waasi wa M23 vilivuruga uandikishaji, na tume ya uchaguzi, CENI, ikaiacha kando Masisi pamoja na Rutshuru.

Kulikopigwa kura, mtu aligusa picha ya mgombea kwenye kioo cha mashine, karatasi ikachapwa, akaikunja na kuitumbukiza sandukuni.

Nani alishinda?

Félix Tshisekedi, kwa asilimia 73 hivi. Moïse Katumbi alipata 18. Mahakama ya Katiba ilithibitisha matokeo Januari 9, 2024.

Kuachwa nje ya uchaguzi si jambo geni. Mwaka 2018 Beni na Butembo nazo ziliachwa, kwa hoja ya Ebola na usalama.

Asiyeandikishwa hukosa pia kadi ya mpiga kura, ambayo kwa Wakongo wengi ndiyo kitambulisho chao.