Bustani ya Nyumbani Inayovuta Nyuki: Pambo la Boma na Msaada kwa Mazao

Mkazi hupanda maboga nyuma ya nyumba mvua inapoanza. Mimea hutambaa vizuri, majani huwa mapana, na kila asubuhi maua ya manjano hujaa. Lakini viboga vichanga vikifikia ukubwa wa kidole gumba, hugeuka manjano na kuanguka kimoja kimoja. Baadhi ya watu hulaumu mbegu, wengine udongo, na wengine jicho la jirani. Mara nyingi sababu ni nyingine kabisa: maua hayo hayakutembelewa na nyuki wa kutosha.

Tatizo hili linaweza kupunguzwa nyumbani kwa kupanda bustani ndogo yenye maua yanayofaa. Bustani hiyo hupamba boma, hulisha nyuki, na huongeza mavuno ya mboga na matunda ya familia. Maelezo yafuatayo yamezingatia hali ya hewa na mimea ya Kaunti ya Kilifi, kuanzia ukanda wa pwani wa Malindi na Kilifi hadi sehemu kame za Ganze na Magarini.

Nyuki hufanya kazi gani?

Ili tunda lipatikane, chavua, yaani vumbi la manjano lililo ndani ya ua, lazima ifike kwenye sehemu ya kike ya ua. Mahindi na mpunga havimhitaji nyuki kwa kazi hii. Chavua ya mahindi hubebwa na upepo, na mpunga hujichavusha wenyewe. Mazao mengine mengi humtegemea mdudu. Takriban robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hunufaika, kwa kiasi kikubwa au kidogo, na uchavushaji unaofanywa na wadudu na wanyama wengine.

Boga ni mfano mzuri. Mmea mmoja huwa na maua dume na maua jike. Ua jike hutambulika kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Chavua ya boga ni nzito na hunata, kwa hivyo haipeperushwi na upepo. Ua jike hufunguka alfajiri, hufunga kabla ya adhuhuri, na halifunguki tena. Nyuki asipopita katika saa hizo chache, tunda hilo limepotea. Akipita mara moja au mbili tu, tunda huweza kukua likiwa dogo au limepinda upande mmoja. Hali ni hiyo hiyo kwa tikitimaji na tango.

Mikorosho na miembe, ambayo ni tegemeo la familia nyingi katika kaunti hii, pia huhitaji wadudu kubeba chavua yake. Hata mnazi, ambao husaidiwa na upepo, hutembelewa na nyuki kwa wingi.

Si nyuki wa asali pekee

Duniani kuna takriban aina 20,000 za nyuki, na nyuki wa asali ni mmoja tu kati yao. Katika bustani za pwani mkazi anaweza kuona angalau makundi matatu:

• Nyuki wa asali, wanaoishi kwa maelfu katika mzinga, shimo la mti au paa la nyumba.

• Nyuki wadogo wasiouma, weusi na wadogo kama sisimizi mwenye mbawa, wanaoishi katika nyufa za kuta na vigogo. Asali yao huthaminiwa sana kama dawa ya kienyeji.

• Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao na kuishi bila kundi kubwa. Huvuma kwa sauti nzito lakini si wepesi wa kuuma.

Kila kundi lina kazi yake. Ua la biringani, kwa mfano, hutoa chavua likitikiswa kwa mtetemo. Nyuki wa asali hawezi kutetema hivyo, ila nyuki wakubwa wanaotoboa mbao na baadhi ya nyuki wengine wa porini wanaweza. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya mabiringani eneo la Nguruman, Kaunti ya Kajiado, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa nyuki hao wa porini ndio wachavushaji muhimu wa zao hilo, na kwamba hutegemea mimea ya asili iliyo karibu na mashamba. Pasheni ya manjano, inayostahimili joto la pwani, nayo huhitaji nyuki wakubwa. Ua lake hufunguka karibu na adhuhuri na huhitaji chavua kutoka mmea mwingine. Anayewaua nyuki hao kwa kuwa wanatoboa nguzo ya banda hupunguza mavuno yake mwenyewe.

Kupanga bustani

Bustani haihitaji kuwa kubwa. Kipande cha hatua kumi kwa hatua tano kinatosha kuanzia, na asiye na ardhi anaweza kutumia makopo, ndoo zilizotoboka au magunia. Mambo manne huzingatiwa.

Kwanza ni jua. Nyuki hupendelea maua yaliyo kwenye jua, hasa la asubuhi. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa watu kupumzika, si kwa kitalu cha maua.

Pili ni kupanda kwa mafungu. Nyuki akitoka kutafuta chakula hupenda kushughulikia aina moja ya ua kwa safari moja. Fungu la mrehani lenye upana wa mita moja humvuta kuliko miche kumi iliyotawanywa. Macho ya binadamu nayo huona fungu la rangi moja kuwa pambo zuri zaidi.

Tatu ni kimo. Mimea mirefu kama mlonge, mbaazi na alizeti huwekwa nyuma au kandokando ya uzio. Ya wastani kama mrehani, bamia na mabiringani hukaa katikati. Mifupi kama nanaa na giligilani huwekwa mbele, karibu na njia. Kwa mpango huu mimea haifunikani na kila ua huonekana.

Nne, na lililo muhimu zaidi, ni kuwa na maua mwaka mzima. Nyuki hawawezi kula mwezi mmoja na kufunga miezi mitatu. Kukiwa hakuna maua, makundi huhama, na mikorosho inapochanua hakuna wa kuitembelea.

Mimea inayofaa

Mbegu na miche mingi hupandwa mwanzoni mwa mvua za masika au za vuli. Mimea ifuatayo hupatikana kwa urahisi na ina faida ya ziada kwa familia.

Mrehani: hukua haraka, hunukia, na maua yake meupe au ya zambarau hupendwa sana na nyuki. Anayeuchuma kwa matumizi ya nyumbani aache baadhi ya vichomozo vichanue.

Alizeti: ua moja kubwa huwa na mamia ya maua madogo, hivyo hulisha nyuki kwa siku kadhaa. Zikipandwa chache kila baada ya wiki tatu, maua hupatikana kwa muda mrefu.

Mbaazi na kunde: hutoa chakula kwa familia, hurutubisha udongo na kuwapa nyuki maua. Mbaazi hustahimili ukame.

Mlonge: majani yake ni mboga, na penye joto huweza kutoa maua mara nyingi kwa mwaka.

Mdimu, mlimau na mchungwa: maua yake yenye harufu huvuta nyuki kutoka mbali.

Giligilani, ambayo wengi huiita dania: mkazi akiacha miche michache izeeke badala ya kuing'oa yote, maua yake madogo meupe hulisha nyuki wadogo.

Mshubiri: huvumilia ukame na hutoa maua wakati mimea mingine imekauka. Unafaa kupandwa kama mpaka wa njia au uzio.

Kati ya Januari na Machi, kipindi ambacho ukame huwa mkali, mnazi, mlonge na mshubiri huweza kusaidia kuziba pengo. Fungu dogo la mrehani linaweza kuendelea kuchanua likinyweshwa maji yaliyooshea mboga au mchele.

Maua yanayopendeza macho pekee

Bogenvilia hupendeza, lakini sehemu zake zenye rangi kali ni aina ya majani. Maua yenyewe ni madogo na humpa nyuki kidogo sana. Mawaridi yaliyokuzwa yawe na petali nyingi zilizojikunja nayo humzuia nyuki kufikia chavua. Si lazima ving'olewe, ila visijaze bustani peke yake. Rangi ambazo nyuki huona vizuri ni buluu, zambarau, manjano na nyeupe. Nyekundu haionekani kwake kama binadamu anavyoiona.

Lantana isipandwe. Ingawa ina maua ya kuvutia, husambaa na kuvamia malisho, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi.

Maji na makao

Nyuki huhitaji maji, hasa wakati wa joto. Sahani pana yenye maji kidogo, ikiwekwa mawe yanayojitokeza juu ili nyuki wasimame bila kuzama, inatosha. Maji hayo yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya siku mbili. Yakikaa wiki nzima yanaweza kuwa mazalio ya mbu wanaoeneza malaria na homa ya dengi.

Nyuki wengi wa porini hujenga viota ardhini au ndani ya mbao kavu. Kona moja ya bustani iachwe na udongo usiolimwa wala kufunikwa kwa saruji, na kigogo kimoja kikavu kiachwe mahali pasipopitwa na watu.

Dawa za wadudu

Bustani yenye maua mazuri inayopuliziwa sumu hugeuka mtego. Nyuki huitwa na maua, kisha hufa. Mkazi anayelazimika kutumia dawa azingatie yafuatayo:

• Atumie tu dawa iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu (PCPB), na asome maelezo kwenye kibandiko kabla ya kununua.

• Asipulizie mmea ulio na maua yaliyofunguka.

• Apulizie jioni jua linapozama, nyuki wakiwa wamerudi, na pasiwe na upepo.

• Aepuke dawa ya unga inaponyunyiziwa maua, kwa kuwa hunata mwilini mwa nyuki kama chavua na hubebwa hadi mzingani.

Kwa bustani ndogo, mara nyingi inatosha kuokota viwavi kwa mkono, kunyunyiza maji ya sabuni kwenye vidukari na kung'oa mmea ulioathirika sana. Maji ya majani ya mwarobaini, ambao baadhi ya wakazi huuita mkilifi, husaidia pia. Nayo yapuliziwe jioni.

Usalama wa familia

Hofu ya nyuki ina sababu, kwani nyuki wa asali wa Afrika ni wakali wanapolinda makao yao. Hata hivyo, nyuki aliye juu ya ua anatafuta chakula na hana mzinga wa kulinda pale. Huuma akikanyagwa, akikamatwa au akifinywa. Watoto wafundishwe kuwatazama bila kuwapigapiga. Njia na mahali pa kuchezea visiwekwe katikati ya mafungu ya maua.

Kuwa na maua si sawa na kuwa na mzinga. Anayetaka kufuga nyuki wa asali aweke mizinga mbali na nyumba, barabara na mifugo iliyofungwa kamba, na apate mafunzo kwanza. Kundi la nyuki likitua kwenye tawi, kwa kawaida linapumzika tu na huondoka baada ya saa chache au siku chache. Lisipigwe mawe wala kuchomwa moto. Watu na mifugo wasogezwe mbali, na mfugaji nyuki mwenye vifaa aitwe ikiwa kundi haliondoki.

Nyuki wakishambulia, mtu akimbie hadi ndani ya nyumba au gari na kufunga milango. Asijitose kwenye maji. Mwiba uliobaki mwilini ukwanguliwe haraka. Aliyeumwa mara nyingi, au anayevimba uso, kukosa pumzi au kuzimia hata kwa kuumwa mara moja, apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Kuanza msimu huu

Anayeanza hahitaji mimea yote. Fungu moja la mrehani, alizeti chache, mstari wa mbaazi kando ya uzio na sahani ya maji ni mwanzo mzuri. Kisha atoke asubuhi saa moja au saa mbili, maboga yanapochanua, na kuhesabu nyuki wanaoingia kwenye maua kwa dakika kumi. Hesabu hiyo irudiwe msimu ujao ili kuona tofauti.

Nyuki wakiwa bado wachache, mkazi anaweza kuokoa mazao yake kwa mkono. Achume ua dume lililofunguka asubuhi, aondoe petali zake, na apake chavua katikati ya ua jike. Ni kazi inayowezekana kwa mimea mitano. Kwa shamba zima la matikiti au mikorosho, hakuna mkono unaoweza kuchukua nafasi ya nyuki.

Kila Mei 20 dunia huadhimisha Siku ya Nyuki, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Tarehe hiyo huangukia katika masika, wakati ardhi ina unyevu na miche hushika kwa urahisi. Kwa ushauri zaidi kuhusu mbegu, wadudu waharibifu na ufugaji nyuki, wakazi wamuone afisa wa kilimo wa wadi yao.