Kanda, si Daraja: Istilahi za Makadirio ya Besiboli

Kila mwaka, kabla ya msimu wa besiboli ya kulipwa kuanza huko Marekani, hutolewa orodha zionyeshazo timu ipi yatazamiwa kuongoza na ipi kushika mkia. Mfasiri aletewapo orodha hizo huyaona maneno yake kuwa mepesi, na hapo ndipo anapoteleza.

La kwanza ni jina la mafungu ya timu. Masikio yetu yamezoea 'daraja' la kandanda, ambamo timu hupanda na kushuka. Besiboli haina jambo hilo. Timu 30 zimo katika ligi mbili, na tangu 1994 kila ligi ina mafungu matatu: Mashariki, Kati na Magharibi. Hakuna fungu lililo juu ya jingine. Aandikaye 'Daraja la Mashariki' humfanya msomaji aamini kwamba timu ya mwisho itashushwa, ilhali mwaka ufuatao itakuwa pale pale. Twapendekeza 'kanda', neno ambalo watumishi wa serikali wamekwisha kulizoea.

'Msimamo' na ubaki kama ulivyo katika kandanda, ila hauhesabiwi kwa pointi, bali kwa uwiano wa ushindi na michezo iliyochezwa. (Tusiandike 'michezo iliyoshindwa', wengi wataelewa kinyume.)

Gumu zaidi ni tendo lenyewe. 'Kutabiri' bado kuna harufu ya unabii, ijapokuwa wataalamu wa hali ya hewa wamelizoeza neno hilo kazi nyingine. 'Kubashiri' siku hizi kumetekwa na wacheza kamari. Wafanyalo watakwimu wa besiboli ni 'kukadiria', kwa maana ile ile ya makadirio ya mapato na matumizi: hesabu yenye msingi, ambayo yaweza kukosewa pasipo mtu kuitwa mwongo.

Mathalani, Bill James alionyesha kwamba ushindi wa timu waweza kukadiriwa kwa mikimbio, yaani mara ambazo wachezaji wamevizunguka vituo vyote vinne. Kipeo cha pili cha mikimbio iliyopatikana hugawanywa kwa jumla ya kipeo hicho na kile cha mikimbio iliyoruhusiwa. Mwaka 2012 Baltimore Orioles walipata 712, wakaruhusu 705. Kwa kanuni hiyo walistahili kushinda michezo 82 hivi kati ya 162, wakashinda 93. Sababu yajulikana: katika michezo iliyoamuliwa kwa mkimbio mmoja walishinda 29 na kupoteza 9 tu. Mwaka uliofuata walishinda 85. Kanuni haikuvunjika, bahati ndiyo iliyokwisha. Mfasiri aliyeandika 'utabiri' angelazimika kueleza kwa nini nabii alikosea.

Limebaki jambo moja dogo, nalo ndilo lituleteaalo maswali kutoka kwa walimu. Orodha husema timu iko nyuma ya kinara kwa michezo mitatu na nusu. Nusu mchezo huchezwaje? Hauchezwi. Huchukuliwa tofauti ya ushindi na tofauti ya vipigo, zikajumlishwa, kisha zikagawanywa kwa mbili. Kinara akiwa na ushindi 90 na vipigo 60, na mfuasi 86 na 63, tofauti ni 4 na 3. Nusu ya 7 ni 3.5. Twaonelea iandikwe 'pengo la michezo 3.5', wala nusu isiondolewe kwa kudhaniwa kuwa ni kosa la mpiga chapa.