Gari la umeme: Pima betri kwanza, bei baadaye

Wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani sasa huonyeshwa pia magari ya umeme, hasa Nissan Leaf. Bei huvutia, lakini kwa atakayekaa na gari miaka mitano au zaidi, hesabu kubwa iko kwenye betri.

Leaf ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya kilowati-saa 24. Baadaye zikaja za 30, za 40 (mwaka 2017) na za 62 (mwaka 2019). Betri hizo hazipozwi kwa maji, hivyo joto huzichakaza upesi. Mwaka 2012 wenye Leaf katika mji wenye joto kali wa Phoenix, Marekani, walilalamika kuwa uwezo wa betri zao umeshuka mapema. Mnunuzi wa Mombasa au Dar es Salaam azingatie hilo.

Hali ya betri huonekana kwenye dashibodi, katika vipande 12 vidogo kando ya kipimo cha chaji. Kipande cha kwanza kikizimika, takriban asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Leaf mpya ya kilowati-saa 40 ilikadiriwa nchini Marekani kwenda kilomita 243 kwa chaji moja. Ikipoteza robo ya uwezo, zinabaki kama 180.

Faida iko wapi? Tuchukue viwango vya mfano kwa shilingi za Kenya. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita, petroli ikiwa sh. 180, hula sh. 1,500 kwa kilomita 100. La umeme hutumia kama uniti 20, kwa sh. 25 kila uniti, ni sh. 500. Anayekwenda kilomita 15,000 kwa mwaka huokoa sh. 150,000. Betri ikigharimu sh. 900,000, akiba ya miaka sita huilipia. Anayekwenda kilomita 5,000 tu atahitaji miaka 18. Kwa huyo, gari hili halina biashara.

Oili ya injini haipo, na breki hudumu zaidi kwa kuwa mota husaidia kupunguza mwendo. Hata hivyo matairi, bima na shoki vinabaki palepale.

Kabla ya kulipa, mnunuzi adai picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, na fundi asome hali ya betri kwa kifaa. Asitegemee dhamana iliyotolewa Japani. Ahakikishe pia kuwa kituo cha chaji kilicho karibu kina kichwa cha CHAdeMO, kwani vituo vingine vina aina tofauti. Mwisho, akumbuke siku ya kuuza: mnunuzi wa pili naye atahesabu vipande vilivyobaki.