Kinyonga Ndani ya Nyumba ya Kioo

Mwezi wa Januari mwaka 2021, maofisa wa forodha wa Austria walitangaza kwamba walimkamata msafiri mmoja katika uwanja wa ndege wa Vienna akiwa na vinyonga 74. Alikuwa ametoka nao Tanzania na kupitia Ethiopia, naye aliwaficha ndani ya soksi na makopo matupu ya aiskrimu. Wengine walikuwa wakubwa, wengine walikuwa na umri wa juma moja tu. Thamani yao katika soko la magendo ilikadiriwa kuwa kiasi cha yuro 37,000. Walikabidhiwa kwa wataalamu wa bustani ya wanyama ya Schönbrunn katika mji huohuo, na watatu kati yao hawakupona.

Tunaileta habari hii mbele ya wasomaji wetu walio kambini na vituoni kwa sababu moja. Kazi ya kumkamata mwizi yule ilikwisha kwa muda mfupi, lakini kazi ya kuwaweka hai wanyama wale ilianza pale ilipokwisha ile ya kwanza. Kinyonga akikamatwa Mpondwe, Mutukula au Entebbe huwa kidhibiti cha mahakama, nacho ni kidhibiti kinachokunywa maji, kinachopumua, na kinachoweza kufa kabla ya siku ya kesi. Si ajabu mnyama aliyeivumilia soksi ya mwizi akafia juu ya meza ya askari aliyemwokoa, ndani ya boksi lililofungwa vizuri kwa nia njema. Kwa hiyo tumeona inafaa tueleze jinsi wafugaji wa Ulaya wanavyomjengea kinyonga nyumba ya kioo iliyopandwa mimea, maana anayejua nyumba ile inavyofanya kazi atajua pia la kufanya usiku mmoja tu kituoni.

Kwanza tuondoe hofu. Wapo askari mashujaa wasiogopa risasi ambao humkimbia kinyonga. Kinyonga hana sumu, wala katika meno wala katika ngozi. Ni mnyama wa heshima hata katika elimu, kwani mwaka 2006 wataalamu walipounda jenasi mpya ya vinyonga wa Afrika Mashariki na ya Kati waliipa jina hilihili la Kiswahili, Kinyonga. Baadhi ya jamaa za jenasi hiyo huishi katika milima yetu ya Rwenzori. Katika milima hiyo yuko pia kinyonga wa Johnston, ambaye dume lake hubeba pembe tatu kama kifaru aliyezidishiwa.

Sanduku la kioo lenyewe lina historia. Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, aligundua kwamba mmea mdogo uliofungiwa ndani ya chupa huweza kuishi bila kumwagiwa maji, kwa kuwa unyevu unaopanda hugeuka matone na kurudi kwenye udongo. Kutokana na jambo hilo yalitengenezwa masanduku ya kioo yaliyosafirisha miche baharini kutoka bara moja hadi jingine. Lakini kitu kilichokuwa uhai kwa mmea wa Ward ni kifo kwa kinyonga. Hewa isiyotembea, yenye joto na unyevu kwa pamoja, humletea ugonjwa wa mapafu. Mtu akiona kioo kimejaa ukungu mchana kutwa, na ajue kwamba ndani yake mna mgonjwa au patakuwa na mgonjwa.

Ndiyo maana sanduku la kinyonga halifungwi pande zote. Juu huwekwa wavu wa chuma badala ya kioo, na mbele, chini ya mlango, huachwa ukanda mwembamba wa wavu. Hewa ya ndani ikipata joto la taa hupanda na kutoka juu, nayo hewa baridi huingia kwa chini kujaza nafasi, kama moshi unavyovutwa na dohani. Sanduku lisilo na tundu la chini halifai, hata likiwa la bei kubwa. Na liwe refu kuliko upana wake, kwani huyu ni mnyama wa matawini: kwa kinyonga wa kimo cha kati, sentimita 60 kwa 60 kwa kwenda juu 120 ni makao ya kuridhisha.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, kwa kuwa kosa linalofuata ndilo jepesi kuliko yote katika nchi za jua kama yetu. Mtu huona mnyama amepoa, akamhurumia, akaliweka sanduku dirishani apate jua. Kioo huingiza joto na kulizuia lisitoke, na baada ya muda mfupi sanduku huwa tanuri. Zaidi ya hayo, jua lililopita katika kioo limepoteza sehemu kubwa ya miali ambayo mwili wa kinyonga huitumia kutengenezea vitamini D. Bila miali hiyo chakula hakijengi mifupa; miguu hupinda, na taya hulegea hata ulimi ushindwe kurushwa. Kwa sababu hiyo wafugaji huweka juu ya wavu, kwa nje, taa maalumu yenye miali hiyo, na huibadilisha kwa wakati wake, kwa kuwa miali huisha ingawa taa bado inang'aa machoni petu. Hapa kwetu jua la asubuhi, mnyama akiwa nje ya kioo juu ya mti penye kivuli cha kukimbilia, hushinda taa zote za Ulaya.

Tukija kwenye upandaji, chini kabisa hutandazwa kokoto kiasi cha sentimita 5 ili maji yanayozidi yapate pa kushukia. Juu yake huja kitambaa cha wavu, kisha udongo wa msituni usiotiwa mbolea wala dawa, sentimita 10 au zaidi. Kokoto zisiachwe wazi, kwani ulimi unaomfuata mdudu huweza kurudi na jiwe. Ndani ya udongo huo wajuzi hutia wadudu wadogo sana walao kinyesi na majani yaliyooza, na hao ndio wafagiaji wa nyumba. Mimea inayopendwa ni mfikasi mdogo, hibiskasi, na isale, ile ambayo wakulima huipanda kuonyesha mpaka wa shamba. Mmea wenye utomvu mkali kama mnyaa usiingizwe kamwe.

Mimea hii haipandwi kwa ajili ya pambo. Kinyonga akiiona sura yake katika kioo hudhani ni mpinzani aliyemvamia, akageuka mweusi, akavimba, akaacha kula. Basi mgongo na mbavu za sanduku hufunikwa kwa magome na majani, uwazi ukabaki upande wa mbele tu. Kwa sababu iyo hiyo kila kinyonga hukaa peke yake; hata dume na jike wakiwekwa pamoja kwa muda mrefu huteseka. Katikati ya majani hupitishwa vijiti vya unene wa penseli hadi wa kidole gumba, vingine vimelala, vingine vimeinama, ili mnyama achague mwenyewe mahali penye joto na mahali penye kivuli.

Majani ndiyo pia birika lake. Weka bakuli la maji mbele ya kinyonga, naye anaweza kufa kwa kiu akilitazama, kwa kuwa kwa kawaida hatambui maji yaliyotulia. Hulamba matone yanayometa juu ya jani. Kwa hiyo majani hunyunyiziwa maji alfajiri na jioni, kwa dakika kadhaa, kisha huachwa yakauke mchana. Macho yaliyodidimia ni dalili ya kiu. Macho yaliyofumbwa mchana ni dalili ya ugonjwa, wala si usingizi.

Kuhusu joto, wenzetu wa mabondeni wasipime kwa ngozi zao. Kinyonga wa milimani hupenda mchana wa nyuzi 22 hadi 27 za sentigredi, na usiku anahitaji baridi, nyuzi 15 au chini yake kidogo. Chumba kinachomfaa askari wa zamu mwenye koti ndicho kinachomfaa na yeye. Chakula chake ni nyenje, panzi na mende, wakinyunyiziwa unga wa chokaa ya chakula. Na msimu wa senene ukifika, mfugaji itambidi agawane naye kwa haki.

Jike la Johnston hutaga mayai, na likikosa udongo wenye unyevu wa kina cha kama sentimita 20 hadi 30 huyazuia tumboni mpaka likafa. Kinyonga wa Jackson, wa nyanda za juu za Kenya, yeye huzaa watoto walio hai, na askari asishangae kukuta kidhibiti kimoja kimekuwa ishirini asubuhi.

Sasa, sheria. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, unawahusu vinyonga karibu wote, na Uganda ilijiunga nao mwaka 1991. Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje mwaka 2016. Kwetu, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 hairuhusu mtu kumiliki mnyamapori bila kibali. Kwa hiyo kinyonga aliyekamatwa hapelekwi nyumbani kuwafurahisha watoto, hata kama afande ana sanduku zuri la kioo.

Kwa usiku ule mmoja, basi, boksi la kadibodi lenye matundu mengi, lenye kijiti kilichokazwa cha kushikilia, likiwekwa mahali pa giza, baridi na kimya, litatosha. Nyunyiza maji kwenye tawi lenye majani na umwachie alambe. Usimvute kutoka kijitini, maana anashika kwa miguu minne na mkia; weka mkono mbele yake, apande mwenyewe. Andika mahali alipokamatwa na alikosemekana kutoka, halafu waite watu wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda.

Wala usimwachilie kwenye ua wa kambi. Mwaka 1972 vinyonga wa Jackson kutoka Kenya waliachiliwa katika bustani ya nyumba moja huko Kaneohe, Hawaii, ili wapate nafuu baada ya safari. Walipata nafuu, wakatoka bustanini, wakazaliana, na mpaka leo wanawala wadudu na konokono wa visiwa vile ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani.