Nukta Nyingi, Shamba Moja

Camille Pissarro alikuwa na umri wa miaka 57 alipochora wakulima wakikusanya nyasi kavu za mifugo kijijini Éragny, Ufaransa, katika majira ya joto. Picha hiyo ya mwaka 1887 ipo leo katika Makumbusho ya Van Gogh mjini Amsterdam. Mbinu yake alijifunza kwa Georges Seurat, kijana aliyempita kwa miaka 29.

Katika mbinu hiyo, mchoraji hapakazi rangi zilizokwisha kuchanganywa. Huweka nukta ndogo za rangi safi, moja kando ya nyingine, na kuliachia jicho kazi ya kuziunganisha. Tukisogea karibu, twaona nukta tu. Tukirudi nyuma hatua chache, twaona malisho na mwanga wa jua.

Je, shamba hilo limo katika kitambaa au katika macho yetu? Aristotle alifundisha kwamba kinachohisiwa na hisi yenyewe hukamilika katika tendo moja. Nukta zisipopangwa vema, jicho halina cha kuunganisha. Pasipo jicho, mpango huo haujatimia. Basi kuona si kubuni, wala si kupokea tu.

Miaka michache baadaye Pissarro aliiacha mbinu hiyo. Nukta zilimchelewesha, zikambana asifuate hisia zake mbele ya maumbile. Hakuona haya kujifunza kwa kijana, wala hakuona haya kuacha alichojifunza. Sisi wanafunzi tunahitaji ujasiri wa namna zote mbili.